Nyumba ni yangu, chini si pangu: uchambuzi wa kisa cha ardhi ya Pwani ya Kenya

Mombasa mtu anaweza kukuuzia nyumba bila kukuuzia mahali iliposimama. Mnaandikiana mbele ya mashahidi, unalipa, unapewa funguo, unahamia na vyombo vyako. Mwisho wa mwezi anabisha hodi mtu mwenye kitabu cha risiti kudai kodi ya kiwanja. Kuta ni zako, paa ni lako, mlango wa mbele na wa uani ni wako. Chini ni kwa mwingine, na huyo mwingine pengine hujapata kumwona hata siku moja. Mitaa kama Majengo imejaa nyumba za namna hii. Ukitoka mjini ukaingia mashamba ya Kwale, Kilifi na Malindi, hali ni ile ile, ila huko mara nyingi hata kitabu cha risiti hakipo. Huko mtu analima alipolima babu yake, anazika alipozikwa babu yake, na serikali inamwita skwota, yaani mkaaji asiye na hati.

Ukiuliza ilikuwaje, kila baraza lina jibu lake. Baraza moja litakwambia Waarabu walijitwalia. La pili litawataja wabara waliokuja baada ya uhuru. La tatu litasema ni uzembe wa wazee wetu, hawakusoma. Kila jibu lina chembe ya ukweli, ndiyo maana ugomvi hauishi. Mimi naona fundo la kisa hiki liko kwenye sheria moja ya mwaka 1908, ambayo ni wachache wanaoitaja barazani, na kwenye saini moja ya mwaka 1963, ambayo ni wachache zaidi wanaopenda kuitaja.

Mpangaji aliyegawa hati

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa juu ya ramani wakakubaliana kwamba mamlaka ya Sultani wa Zanzibar upande wa bara yaishie maili 10 kutoka baharini. Sultani mwenyewe aliletewa matokeo. Wajerumani wakanunua kipande cha upande wao mwaka 1890 kwa mark milioni 4, mambo yakaisha. Waingereza hawakununua, wao walipanga. Kwa mkataba wa Desemba 1895 waliahidi kumlipa Sultani paundi 11,000 kila mwaka kwa ukanda ule, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea juu ya Fort Jesus mpaka mwaka 1963. Hata Kenya ilipotangazwa koloni mwaka 1920, ukanda wa maili kumi ulibaki kando kisheria kama nchi iliyo chini ya ulinzi tu.

Kwa hiyo mpangaji mkubwa kuliko wote katika historia ya Pwani alikuwa ufalme wa Uingereza. Ulilipa kodi kwa mwenye mji kama wanavyolipa watu wa Majengo. Tofauti ni kwamba mpangaji huyu alijipa kazi ya kuamua nani mwenye nyumba na nani mgeni.

Sababu haikuwa ya siri. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Ghafla ardhi iliyo karibu na bandari ikawa na bei, na wafanyabiashara wakaanza kununua viwanja kwa watu watatu tofauti waliodai kuwa kila mmoja ndiye mwenyewe. Makampuni yaliyotaka kupanda pamba na mpira yalitaka hati isiyo na mjadala. Ndipo ikatungwa Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908. Ilisema hivi: yeyote anayedai ardhi ndani ya ukanda na apeleke dai lake kwa msajili, alete ushahidi, ardhi ipimwe, apewe cheti. Ardhi isiyodaiwa na mtu ndani ya muda uliowekwa itahesabiwa kuwa ya serikali.

Isome tena sentensi hiyo ya mwisho. Sheria haikumfukuza mtu shambani kwake. Ilifungua ofisi, ikakaa, ikasubiri. Asiyekuja alihesabiwa kuwa hayupo, na pale alipokaa pakahesabiwa kuwa patupu. Kimya cha mtu kikageuzwa ushahidi dhidi yake.

Sasa nani angekwenda? Angekwenda mtu aliyesikia tangazo, mwenye nyaraka za kadhi au za mauziano, mwenye uwezo wa kulipia upimaji, aliyezoea kusimama mbele ya ofisa wa Kizungu na kujieleza. Hao walikuwa Waarabu wenye mashamba, baadhi ya Waswahili wa mjini, Wahindi wafanyabiashara na Wazungu wachache. Mgiriama, Mdigo, Mrabai au Mchonyi hakuwa na karatasi, kwa sababu kwao ardhi ilijulikana kwa wazee, kwa makaburi na kwa miti. Isitoshe, maofisa walikwisha amua kwamba kikao chake halali ni nyuma ya ukanda, kwenye hifadhi waliyoiita ya Wanyika. Jina lenyewe linajieleza. Nyika ni pori lisilo na mwenyewe, na anayeitwa Mnyika atadai vipi shamba lililo karibu na bahari?

Kuna kundi jingine ambalo hata wanaotetea maskwota hulisahau. Mwaka 1907 serikali ya Kiingereza iliondoa utumwa kisheria ndani ya ukanda huu. Fidia ililipwa, lakini alilipwa bwana. Mtumwa alipewa uhuru mtupu. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati, na mashamba aliyoyafyeka, kuyapanda na kuyapalilia yakaanza kuandikishwa kwa jina la yule yule aliyekwisha lipwa fidia. Wengi walibaki pale pale kwa ruhusa ya mdomo, wakilima na kutoa sehemu ya mavuno. Wajukuu wa ruhusa hiyo ya mdomo ndio baadhi ya wale ambao leo huletewa notisi.

Sisemi kwamba madai ya Waarabu yalikuwa ya uongo. Malindi ya karne ya 19 ilikuwa kweli mji wa mashamba makubwa ya nafaka, na wenyewe walijulikana kwa majina na koo zao. Wala Waingereza hawakuwapendelea kwa moyo: ukoo wa Mazrui ulioongozwa na Mbaruk bin Rashid ulipigana nao mwaka 1895 na 1896 mpaka Mbaruk akavuka mpaka kwenda kwa Wajerumani. Kabla ya 1908, kauli ya “shamba hili la fulani” ilimaanisha kwamba fulani yupo, ana watu wake, analima au analimiwa, na asipolima miaka mingi sauti yake hupungua. Cheti kilikata uhusiano huo. Mtu angeweza kuhamia Zanzibar au Maskati, mashamba yakarudi kuwa msitu, watu wengine wakaja wakaufyeka upya na kuzaa vizazi vinne, na bado mwenye ardhi akawa yule aliye ng'ambo au mrithi wake. Angeweza kuiweka rehani akashindwa kulipa, ikaenda kwa Mhindi. Mhindi akaiuza kwa Mzungu. Mzungu kwa tajiri kutoka Nairobi. Waliokaa juu ya ardhi hawakuhusishwa katika hata mauziano mamoja. Kwenye karatasi hawakuwapo.

Mnazi wa nani?

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo utaratibu wa kale na wa Kiingereza ulipogongana kwa namna ambayo mpaka leo inawachanganya mawakili.

Pwani, mti na ardhi ni vitu viwili. Mtu anaweza kumiliki minazi 40 ndani ya shamba ambalo si lake. Anaweza kuirithi, kuiuza, kuiweka rehani kwa jirani huku mgema akiendelea kugema, na jirani akachuma nazi mpaka deni lirudishwe. Sheria ya Kiislamu ilivyotumika hapa iliukubali utaratibu huo, na wazee wa Kigiriama waliutolea ushahidi bila shida. Nyumba ilifuata mkondo huo huo. Nyumba ya fito na udongo ni mali ya aliyeijenga, na chini ni mali ya aliyemruhusu kujenga. Si wizi, si ulaghai. Ni mapatano ya watu wanaojuana: wewe unajua mie ni nani, mie najua wewe ni nani, na kodi ni ndogo kwa sababu kazi yake ni heshima kuliko biashara.

Sheria ya Kiingereza inafikiri kinyume. Kwayo, mwenye ardhi ndiye mwenye kila kilichoota na kilichojengwa juu yake. Ukiingiza fikra hiyo kwenye mapatano yale ya kale, anayebaki mikono mitupu ni yule aliyejenga. Nyumba bila ardhi iliendelea kukubaliwa kama desturi, lakini ulinzi wake ukawa hisani ya mwenye cheti. Na yule mwenye cheti wa kujuana naye alipokufa, au alipouza, hisani ilikwenda naye kaburini.

Matokeo yake unaweza kuyaona kwa macho bila kufungua jalada lolote. Tembea mitaa ya zamani ya Mombasa nje ya Mji wa Kale utazame kuta. Wenye viwanja wengi walikataza kujenga kwa mawe, kwa sababu nyumba ya mawe ni ngumu kuibomoa na mwenye nayo ni mgumu kumtoa. Basi watu wenye kipato, walimu, makarani, mabaharia, walikandika udongo mwaka baada ya mwaka, wakapiga lipu ya saruji juu ya kiambaza ili kifanane na ukuta wa mawe. Benki haimkopeshi mtu kwa dhamana ya nyumba isiyo na ardhi. Kwa hiyo fedha iliyopatikana Pwani iligeuka dhahabu, harusi, safari, elimu ya watoto, chochote kinachobebeka. Wageni husema watu wa Pwani hawapendi kujenga. Siku moja mwenzangu mmoja kutoka bara aliniambia hayo tukiwa tumeketi sebuleni mwa nyumba iliyokandikwa mara sita.

Wagiriama wa mwaka 1914

Kuna mahali ambapo kungoja ofisini hakukutosha, ikabidi nguvu. Wagiriama walikuwa wamevuka mto Sabaki na kulima upande wa kaskazini, ardhi nzuri, wakiuza mahindi yao wenyewe. Mkulima anayejitosheleza haendi kufanya kazi ya kibarua kwenye shamba la mtu, na hilo ndilo lililokuwa tatizo la serikali. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alizunguka akiwaapisha watu wasitoe vijana wala kodi. Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, mamia ya kilomita kutoka kwao. Wakatoroka, wakarudi kwa miguu. Agosti 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo, mahali pao patakatifu, kwa baruti, na Wagiriama wakaamriwa waondoke kaskazini ya Sabaki. Baada ya vita vya dunia waliruhusiwa kurudi. Lakini anayerudi kwa ruhusa yuko tofauti na anayerudi kwa haki, na tofauti hiyo ndiyo mada ya makala hii yote.

Saini ya Oktoba 1963

Ungetarajia uhuru ufungue upya jalada. Haukufungua, na si kwa kusahau.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na vuguvugu la mwambao: baadhi ya Waarabu na Waswahili walitaka ukanda ujitenge au urudi Zanzibar. Sir James Robertson alitumwa kuchunguza, na mwaka 1961 akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963, mjini London, Jomo Kenyatta wa Kenya na Mohamed Shamte wa Zanzibar wakaandikiana. Sultani angeachia madai yake, na Kenya ingetoa ahadi. Watu wengi wa Pwani wanazikumbuka ahadi za dini: uhuru wa kuabudu, mahakama za kadhi, mafundisho ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu. Ahadi ya ardhi haisikiki sana barazani. Ilisema hati za milki huru, yaani za kumiliki ardhi bila kikomo cha muda, zilizokwisha sajiliwa Pwani zitatambuliwa daima, na serikali ikihitaji ardhi hiyo kwa manufaa ya umma italipa fidia kamili na ya haraka.

Zanzibar ilipata uhuru Desemba 10, 1963. Januari 12, 1964 serikali ya Shamte ilipinduliwa. Upande mmoja wa mapatano ukatoweka kabla wino haujakauka vizuri, lakini vyeti vya 1908 vilibaki vimesimama, safari hii vikilindwa na dola ya Kiafrika. Ndiyo maana nakataa kuuita mzigo huu wa mkoloni peke yake. Mkoloni alifunga mzigo, na sisi tukautia sahihi kuupokea. Wakubwa waliokuja kununua fukwe za Diani na Malindi katika miongo iliyofuata hawakuwa na haja ya kubadilisha utaratibu uliowapa kilichosafishwa tayari.

Kama kuna anayedhani haikuwezekana vingine, na avuke mpaka pale Lunga Lunga aingie Horohoro, Tanzania. Pande zote mbili ni Wadigo, wengine wanachangia babu, minazi ni ile ile, pepo ni zile zile. Lakini Tanganyika ilifuta milki huru mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipoahidi kuilinda, ikaigeuza kuwa upangaji kutoka kwa serikali. Na tangu sheria za mwaka 1999, kijiji cha Tanzania kinasimamia ardhi yake kwa baraza lake. Tanga ina migogoro yake, mashamba ya mkonge ni ushahidi, na ardhi kuwa mikononi mwa serikali si raha kila siku. Hata hivyo Mdigo wa upande ule hagombani na kivuli cha mtu aliyeandikiwa cheti mwaka 1912.

Dawa na maradhi

Kenya haikukaa kimya. Kuna njia tatu ambazo skwota wa Pwani huambiwa ajaribu, na zote ukizichungulia utaiona 1908 ndani.

Ya kwanza ni kununua. Serikali humlipa mwenye hati, kisha huwakatia viwanja waliokaa. Shamba la Waitiki huko Likoni, ekari 930, lilivamiwa wakati wa machafuko ya mwaka 1997. Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta aligawa hati huko, na kila mkaazi akatakiwa kulipa shilingi 182,000. Kelele zilizozuka hazikuwa za ubahili. Mtu anayeamini kwamba kapokonywa hawezi kuelewa kwa nini auziwe. Upande wa pili nao una malalamiko yake: ukoo wa Mazrui ulikuwa na ardhi ya pamoja Takaungu iliyowekewa sheria yake ya amana mwaka 1914; Bunge likaifuta sheria hiyo mwaka 1989; na mwaka 2012 Mahakama Kuu ikaona ufutaji ule ulivunja haki zao. Maelfu ya watu wanaoishi juu ya ardhi hiyo walibaki katikati.

Ya pili ni mahakama. Sheria ya Kenya inasema ukikaa kwenye ardhi ya mtu binafsi miaka 12 wazi wazi, bila ruhusa yake na bila yeye kuchukua hatua, unaweza kuiomba iwe yako. Watu wamewahi kushinda kwa njia hii.

Ya tatu ilionekana kuwa ndiyo yenyewe. Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria, na mwaka 2016 Bunge likaeleza namna. Dhuluma inayohesabiwa ni iliyotokea kati ya Juni 15, 1895 na Agosti 27, 2010. Tarehe ya kwanza ni siku Kenya ilipotangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Kwa mtu wa Nyeri au Kericho tarehe hiyo inamtosha, mzungu wake alikuja baadaye. Kwa mtu wa Pwani imekata hadithi katikati: yaliyotendeka enzi ya Sultani, mashamba yaliyofyekwa na watumwa, yote yako nje ya mlango. Kisha sheria ikaweka muda. Dai liletwe ndani ya miaka 5. Yaani watu ambao kosa lao la kwanza lilikuwa kutofika ofisini kwa wakati, walitafutiwa haki kwa kuambiwa wafike ofisini kwa wakati. Septemba 2021 ile miaka 5 ikatimia.

Nirudi kwenye ile njia ya pili, maana ndiyo inayomgusa yule wa Majengo. Nyumba nyingi za Pwani zina bati la biskuti au mkoba wa plastiki uliowekwa juu ya kabati. Ndani mna risiti za kodi ya kiwanja, za miaka na miaka, nyingine za shilingi chache, zikiwa na sahihi za watu waliokwisha kufa. Wazee wanazitunza kwa uangalifu kuliko vyeti vya kuzaliwa, wakiamini ndizo zitakazowatetea siku mambo yakiharibika. Wakili huzitazama akanyamaza kidogo kabla ya kujibu. Aliyelipa kodi amekiri mwezi baada ya mwezi kwamba ardhi ni ya mwingine, amekaa kwa ruhusa, na miaka yake 12 haijaanza hata kuhesabiwa. Jirani yake aliyekataa kulipa tangu mwanzo, akamtukana mkusanya kodi na kumfungia mlango, ndiye mwenye kesi.